Kuvunjika kwa Koleo Si Mwisho wa Uhunzi

Tarehe 21 Juni 1952 wageni wa heshima walikusanyika jijini Amsterdam, katika jengo la Mathematisch Centrum, yaani Kituo cha Hisabati cha Uholanzi, kushuhudia kompyuta iliyoundwa na watafiti wa kituo hicho ikifanya kazi. Mashine hiyo, iliyopewa jina la ARRA, ilijengwa kwa swichi za sumakuumeme, na swichi hizo zilikuwa zikikosea mara kwa mara. Waundaji wake walilijua tatizo hilo. Waliichagulia mashine kazi ya kuchapa jedwali la namba nasibu, yaani namba zisizofuata utaratibu wowote, kwa kuwa hakuna mgeni ambaye angeweza kulitazama jedwali la namna hiyo akatamka kwamba namba hii au ile imekosewa. Sherehe ilipita salama. Baada ya siku hiyo mashine haikufanya tena kazi yoyote ya maana.

Mkaguzi wa fedha za umma angeliandika nini kuhusu mradi huo? Miaka kadhaa ya kazi, mishahara ya vijana waliokuwa hawajawahi kuunda kompyuta, chumba kizima cha vifaa, na mwishoni karatasi yenye namba zisizo na maana. Taarifa ya namna hiyo ingelitosha kuufuta mradi na kuwatawanya watu wake. Haikuwa hivyo. Watu wale wale waliachwa waendelee, na mambo yaliyotoka katika jengo lile kwa miaka iliyofuata yanatumika leo katika hospitali na maabara za nchi ambazo waasisi wake hawakuwahi kuziwazia. Historia ya kituo hicho ni hoja nzito katika mjadala unaoihusu sekta ya afya moja kwa moja: je, taasisi ya utafiti wa kompyuta inayolipwa na taifa ipimwe kwa kipimo gani?

Kituo cha Hisabati kiliasisiwa tarehe 11 Februari 1946. Tarehe hiyo ina uzito wake. Majira ya baridi ya 1944 hadi 1945, chini ya utawala wa Wajerumani, miji ya magharibi ya Uholanzi ilikumbwa na njaa iliyoua watu wanaokadiriwa kufikia 20,000. Wanafunzi wa tiba wanaifahamu njaa hiyo, maana watoto waliokuwa tumboni mwa mama zao wakati huo walifuatiliwa kwa miongo mingi na kuufundisha ulimwengu mengi juu ya lishe ya mjamzito na maradhi ya utu uzima. Nchi iliyotoka katika hali hiyo miezi michache tu nyuma, yenye madaraja yaliyovunjwa na mashamba yaliyofunikwa na maji, iliamua kuwa na kituo cha hisabati. Waasisi wake, miongoni mwao J. G. van der Corput na David van Dantzig, waliamini kwamba ujenzi mpya wa taifa ungehitaji mahesabu mengi, na kwamba mahesabu hayo yasingefanywa vema na watu walioazimwa kwa muda.

Kituo kiliwekwa katika jengo lililowahi kuwa shule, kwenye mtaa uliopewa jina la Herman Boerhaave, tabibu mashuhuri wa Leiden aliyewafundisha wanafunzi wake kando ya kitanda cha mgonjwa. Idara ya mahesabu iliongozwa na Adriaan van Wijngaarden. Kabla ya mashine kupatikana, hesabu zilifanywa na wasichana waliotoka shule za sekondari, wakiketi kwenye meza zao na vikokotoo vya mkono, kila mmoja akikamilisha hatua yake na kumpasia mwenzake. Wasichana hao ndio waliokuwa kompyuta ya kwanza ya kituo, na kwa muda mrefu walitegemewa zaidi kuliko chuma chochote.

ARRA iliposhindwa, kituo kilimpokea Gerrit Blaauw, kijana wa Kiholanzi aliyerejea kutoka Chuo Kikuu cha Harvard, ambako alikuwa amejifunza jinsi mashine za namna hiyo zinavyopaswa kupangwa. Yeye pamoja na Carel Scholten na Bram Loopstra, wale wale walioiunda mashine iliyoharibika, walianza upya. Mwishoni mwa mwaka 1953 mashine ya pili ilikuwa ikifanya kazi. Ilibeba jina lile lile la ARRA, ingawa kilichobaki cha ile ya kwanza kilikuwa kidogo sana. Baada yake ilifuata mashine nyingine kwa ajili ya kiwanda cha ndege cha Fokker, na mwaka 1956 ikafuata ARMAC.

Uzinduzi wa ARMAC nao ulihitaji kazi ya kuwaonyesha wageni. Safari hii mashine iliaminika, hivyo kazi iliyotafutwa ilikuwa ile ambayo jibu lake mtu asiye mtaalamu angelielewa. Edsger Dijkstra, aliyekuwa ameajiriwa kituoni mwaka 1952 kama mwandishi wa programu, alichagua swali hili: ni njia ipi iliyo fupi kuliko zote kutoka mji mmoja hadi mwingine? Kwa simulizi yake mwenyewe, alilipata jibu kwa dakika zipatazo ishirini, akiwa ameketi na mchumba wake katika mkahawa mmoja wa Amsterdam, bila kalamu wala karatasi. Ramani iliyotumika katika maonyesho ilikuwa na miji 64. Njia yake ni nyepesi kueleza: anza pale ulipo, miongoni mwa miji ambayo umbali wake bado haujathibitishwa, chukua ulio karibu zaidi na uuthibitishe, kisha angalia kama kwa kupitia mji huo majirani zake wanafikika kwa umbali mfupi zaidi kuliko ulioandikwa awali, rudia hivyo hadi ufike uendako. Maelezo yake yalichapishwa mwaka 1959 katika kurasa chache tu.

Leo kila simu inayomwelekeza dereva inatumia hesabu hiyo au jamaa zake. Katika afya ya jamii umuhimu wake ni mkubwa zaidi. Mama mwenye uchungu uliokwama anahitaji kufika kwenye upasuaji ndani ya muda fulani, na umbali unaomhusu si ule wa kunyoosha rula juu ya ramani. Ni muda wa kutembea mpaka barabarani, kuvuka mto na kupata chombo cha usafiri. Programu za kupima muda wa kufika kituo cha afya, kama AccessMod ya Shirika la Afya Duniani, zinategemea hesabu za ukoo huo: kila kipande cha ardhi hupewa gharama yake ya kupita, kisha hutafutwa njia yenye jumla ndogo kuliko zote. Mpangaji anayetaka kujua zahanati mpya iwekwe wapi anauliza, kwa maneno mengine, swali lile lile lililoulizwa mwaka 1956.

Usiku wa kuamkia tarehe 1 Februari 1953, mashine ya pili ikiwa bado inaundwa, bahari ilivunja kuta za kusini-magharibi mwa Uholanzi na kuua watu 1,836 nchini humo. Serikali iliunda kamati ya kuamua kuta mpya ziwe na kimo gani, na van Dantzig pamoja na wanatakwimu wa kituo walitakiwa kusaidia. Jibu la kisiasa lilikuwa rahisi: jengeni ukuta ambao bahari haitauruka kamwe. Van Dantzig alionyesha kwamba ukuta wa namna hiyo haupo. Kila kimo kina uwezekano wake wa kushindwa. Kuongeza kimo kunagharimu fedha, na kutokuongeza kunagharimu maisha na mali kwa kiwango kinachoweza kukadiriwa. Kazi ya taifa ni kuchagua hatari inayokubalika na kuitamka waziwazi. Kwa sehemu ya katikati ya pwani ya nchi hiyo, kiwango kilichokubaliwa baadaye kilikuwa maji ya kimo ambacho uwezekano wa kutokea kwake ni mara 1 katika 10,000 kwa mwaka.

Kila daktari anayeandika dawa yenye madhara yanayojulikana, na kila mpangaji wa chanjo, anafanya uamuzi wa aina hiyo. Jambo la kuzingatia ni kwamba wanatakwimu hao hawakutafutwa baada ya mafuriko kwa tangazo la zabuni. Walikuwapo tayari, wamekaa pamoja kwa miaka saba, wanazifahamu kazi na udhaifu wa kila mmoja wao. Maafa hayasubiri taifa liunde kikosi cha wataalamu, na yeyote aliyefanya kazi katika wodi wakati wa mlipuko wa kipindupindu analifahamu hilo bila kuambiwa na Mholanzi.

Mfano ulio dhahiri kuliko yote unahusu lugha ya programu iitwayo ABC. Katika miaka ya 1980 kituo, ambacho tangu mwaka 1983 kilijulikana kwa kifupi kama CWI, jina lililotaja hisabati pamoja na sayansi ya kompyuta, kilikuwa na timu iliyobuni lugha hiyo kwa ajili ya watu wasio wataalamu wa kompyuta. Ilikuwa nadhifu na rahisi kufundishwa. Hata hivyo haikuenea. Mtumiaji hakuweza kuiongezea uwezo ambao wabunifu hawakuuwazia, na hatimaye mradi ulisimamishwa. Mmoja wa vijana wa timu hiyo, Guido van Rossum, hakuachishwa kazi. Alihamishiwa mradi mwingine katika kituo hicho hicho. Wakati wa likizo ya Krismasi ya mwaka 1989, ofisi ikiwa imefungwa, alianza kuandika lugha yake. Kutoka ABC alichukua yaliyomfaa, pamoja na desturi ya kupanga sehemu za programu kwa nafasi za mwanzo wa mstari, na alirekebisha yaliyoiua ABC, hasa ule ugumu wa kuongezewa mambo mapya. Mwezi Februari 1991 aliitoa kwa umma bila malipo. Aliiita Python.

Si rahisi leo kupata idara ya utafiti wa tiba isiyogusana na lugha hiyo. Mchambuzi wa picha za eksirei za kifua, mtaalamu wa mfuatano wa vinasaba vya vimelea vya malaria, na mwanafunzi wa shahada ya uzamili anayesafisha takwimu za kliniki ya wajawazito wote huitumia, wawe Dar es Salaam, Kampala au Boston. Ni kweli kwamba sehemu kubwa ya maktaba zake za programu zimeandikwa na watu wengine wa mataifa mengi. Lakini mzizi wake umo katika mradi ambao vitabu vya taasisi vingeuorodhesha miongoni mwa ule ulioshindwa. Kama van Rossum angelikuwa na mkataba wa miaka miwili uliofungamana na ABC, angeliondoka na yale aliyojifunza kutokana na kosa hilo, na huenda yangelipotelea katika ajira nyingine.

Manufaa kwa wagonjwa yamekuja pia kwa njia fupi zaidi. Tangu mwaka 2020 hospitali ya chuo kikuu cha Amsterdam imetumia programu iliyotokana na utafiti wa CWI katika kupanga tiba ya mionzi ya ndani, yaani brakitherapi, kwa wagonjwa wa saratani ya tezi dume. Katika tiba hiyo chanzo cha mionzi huingizwa karibu na uvimbe, na daktari hupaswa kuamua kitulie wapi na kwa muda gani, ili uvimbe upate dozi ya kutosha huku kibofu na puru vikihifadhiwa. Malengo hayo mawili hugongana. Programu hiyo humwekea daktari mipango mingi iliyo mizuri kwa namna tofauti, naye huchagua. Nchini Tanzania, ambako saratani ya mlango wa kizazi inaongoza miongoni mwa saratani za wanawake na brakitherapi ni sehemu muhimu ya matibabu yake, jambo hilo si habari ya mbali.

Zipo hoja mbili za kupinga, na zote zinastahili kujibiwa kwa heshima. Ya kwanza inasema kwamba taasisi za namna hiyo ni anasa ya nchi tajiri. Pale ambapo zahanati haina dawa ya kuzuia kutokwa damu baada ya kujifungua, fedha ziende kwenye dawa. Hoja hii ni ya kweli kwa siku ya leo, na hakuna mtu mwenye busara atakayechukua fedha za dawa kununulia mashine. Lakini Uholanzi ya mwaka 1946 haikuwa nchi ya anasa. Aidha, gharama kubwa ya kituo kile katika miaka yake ya mwanzo ilikuwa watu, meza na karatasi. Taasisi ya utafiti haiwi ghali kwa sababu ya majengo yake. Inakuwa ghali inapofungwa na kufunguliwa upya kila mradi unapoisha.

Hoja ya pili ina ncha kali zaidi. Ikiwa Python ni ya bure na hesabu ya Dijkstra imo katika kila kitabu, kwa nini nchi nyingine isitumie tu vilivyokwisha kuundwa? Jibu ni kwamba anayepokea chombo bila kuwa na mtu wa kukifungua hawezi kujua kimekosea wapi. Programu ya kupima muda wa kufika hospitali inaweza kudhani kwamba barabara ya vumbi inapitika mwaka mzima, ilhali wakati wa masika kijiji kizima hukatwa na mto. Programu ya kusoma picha za mapafu inaweza kuwa imefundishwa kwa picha za wagonjwa wa nchi nyingine, kwa mashine nyingine. Makosa hayo hayajitangazi. Yanahitaji mtu anayeijua hesabu iliyo ndani na anayekijua kijiji, na mtu huyo hapatikani kwa warsha ya siku tatu.

Tanzania ina kumbukumbu yake katika jambo hili. Kompyuta ziliingia Wizara ya Fedha katika miaka ya 1960. Mfumo uliokusudiwa kutunza hesabu za Serikali ulishindwa, kazi ikarudishwa kwenye vitabu na mikono, na mwaka 1974 Serikali ilipiga marufuku uingizaji wa kompyuta na vifaa vyake. Uamuzi huo haukuwa wa kijinga: hasara ilikuwa imeonekana na fedha za kigeni zilikuwa adimu. Lakini ukiwekwa kando ya Amsterdam ya mwaka 1952, tofauti inaonekana. Kule mashine ilishindwa na waliokosea wakapewa nafasi ya kukosea vizuri zaidi. Huku mashine ilishindwa na mlango ukafungwa, na elimu ambayo kosa lile lingeliweza kuizaa haikupata nyumba ya kuishi.

Taaluma ya tiba inalo jibu, kwa kuwa imekwisha kulitumia kwa jambo zito kuliko kompyuta. Mama anapofariki kwa uzazi, hospitali inayojiheshimu hukaa kikao cha mapitio ya kifo hicho. Majalada hufunguliwa, saa hufuatwa moja baada ya nyingine, na kanuni ya kikao ni kutafuta sababu badala ya kumtafuta wa kulaumiwa. Hakuna anayependekeza kwamba wodi ya wazazi ifungwe. Hakuna pia anayekubali kwamba waliohusika wahamishwe wote kesho yake ili kosa lisahaulike. Kosa huchukuliwa kuwa limelipiwa kwa gharama kubwa mno, na kulitupa ni kulipia mara mbili.

Kanuni hiyo ihamishiwe kwenye mifumo ya kompyuta ya afya. Kwanza, hospitali za rufaa na vyuo vikuu vya tiba viwe na nafasi za kudumu za wataalamu wa hisabati, takwimu na kompyuta, zenye ngazi za kupanda kama zilivyo za madaktari, ili mtaalamu asiondoke siku mfadhili anapoondoka. Pili, kila mfumo wa taarifa za wagonjwa unaoachwa uandikiwe taarifa ya wazi: ulidhani nini, ulikwama wapi, na nani anabaki akijua. Tatu, vikundi vya utafiti wa namna hiyo vipimwe kwa kipindi cha miaka kumi, na kipimo kiwe pamoja na watu waliobaki na wanachoweza kufanya leo ambacho hawakukiweza walipoanza.

Waswahili walikwisha kusema kwamba kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Methali hiyo ina sharti lake, kwamba mhunzi awepo bado, karibu na moto wake, asubuhi baada ya koleo kuvunjika. Amsterdam walimlipa mhunzi mshahara wa mwezi uliofuata.